Mbio za Pikipiki Majanini: Mchezo wa Bei Nafuu Huzaliwaje, Hupoteaje, na Ufipa Inaweza Kujifunza Nini

Ukitaka kuingia kwenye mbio za magari, jiandae kuuza ng'ombe wa ukoo mzima. Ukitaka kuanza mbio za pikipiki juu ya majani, unahitaji pikipiki iliyochoka kidogo, eneo la wazi, kamba, bendera, na watu waliokubaliana kanuni. Mchezo huu una miaka mia moja sasa, na sehemu kubwa ya maisha yake umekuwa mikononi mwa watu wa kawaida: mafundi, wakulima, vijana wa viwandani.

Makala hii inamhusu msomaji yeyote anayependa historia ya teknolojia, lakini tumemfikiria zaidi kijana wa Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere. Kule juu ya uwanda wa Ufipa vitu vitatu vinavyohitajika vipo tayari: majani, pikipiki ndogo, na mafundi. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: kwa nini mchezo ulioanza kwa senti chache mara nyingi huishia kuwa wa matajiri, na ufanye nini ili wa kwako usiende njia hiyo? Jibu, kama utakavyoona, liko kwenye kanuni kuliko kwenye mashine.

Kwanza, ni mchezo gani huu?

Usichanganye na motokrosi. Motokrosi ina vilima vya kurukia na pikipiki maalumu zenye shokapu ndefu. Mbio za majanini ni rahisi zaidi: wanachora njia yenye umbo la yai kwenye malisho ya ng'ombe, wanaweka vigingi na kamba, waendeshaji wanapanga mstari mmoja, kamba ya kuanzia inaruka, na wanazunguka kwa kukata kona za kushoto tu. Mara nyingi ni mizunguko minne hivi, dakika chache, basi. Kundi linalofuata linaingia.

Kwa nini kushoto tu? Iangalie pikipiki yoyote ya bodaboda. Mkono wa kulia unashika mafuta, mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma, mguu wa kushoto unabadili gia. Ukikata kona ya kushoto, mguu unaotoka nje kukusaidia usianguke ni ule wa gia, ambao kwa wakati huo hauna kazi. Mguu wa breki unabaki mahali pake.

Miaka ya 1920: viwanja vya kuazima

Mwezi Machi 1924, huko Camberley kusini mwa Uingereza, wapenzi wa pikipiki walitaka kufanya mashindano ya kupanda vilima na kupita matope. Kwa desturi ya wakati ule, waamuzi walisimama kwenye sehemu ngumu na kuhesabu makosa. Safari hii waliamua kuziondoa sehemu hizo: anayefika mbele ameshinda. Huko ndiko ilikozaliwa motokrosi ya leo.

Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1923, upande mwingine wa dunia, mji wa Maitland nchini Australia ulikuwa umefanya mbio za pikipiki usiku chini ya taa za umeme, ndani ya uwanja wa maonyesho ya kilimo. Wengi huzihesabu mbio hizo kuwa chimbuko la mchezo wa spidiwei, ambao ni ndugu wa damu wa mbio za majanini. Zingatia mahali penyewe. Maitland hawakujenga uwanja wa mbio. Walitumia uwanja wa wakulima, uliokuwa umekaa tu siku nyingi za mwaka. Ukiufikiria kama viwanja vyetu vya Nanenane hujakosea sana.

Tarehe 19 Februari 1928 klabu ya pikipiki ya Ilford ilifanya mbio zake High Beech, kwenye msitu wa Epping karibu na London, nyuma ya baa moja. Waandaaji walitegemea watu elfu kadhaa. Taarifa nyingi za siku ile zinataja watazamaji wapatao 30,000, na waandaaji walizidiwa. Pikipiki zilikuwa zimeshuka bei, vijana wengi walikuwa nazo kwa ajili ya kwendea kazini, na walikuwa na hamu ya kujua nani kati yao ana kasi.

Mfano mzuri kuliko yote ni Brands Hatch, katika jimbo la Kent. Lilikuwa shamba, bonde dogo lenye umbo la bakuli. Mwaka 1926 waendesha baiskeli waliopita hapo walielewana na mkulima kulitumia, na baadaye wakaja wa pikipiki. Mwaka 1932 klabu 4 za jirani ziliunganisha nguvu na kuanza kufanya mbio pamoja juu ya majani. Bonde lenyewe lilikuwa jukwaa: ukikaa mtelemkoni unaona kila kona. Hakuna aliyejenga kitu cha maana.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1950 njia ile iliwekwa lami, na magari yakaingia. Mwaka 1964 Brands Hatch ikapokea mashindano makubwa ya Uingereza ya Formula One. Kwa watazamaji yalikuwa maendeleo. Lakini kijana aliyekuja Jumapili na pikipiki yake ya kazini hakuwa na nafasi tena pale. Ilibidi mbio za majanini zihamie mashamba mengine. Lami ilileta kasi, kasi ikaleta mashine ghali, mashine ghali zikamfukuza mwenye mashine ya kawaida.

Kuna kosa la pili la enzi ile, na halikuhusu fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mmoja wa waendeshaji hodari wa spidiwei alikuwa mwanamke wa Ireland, Fay Taylour, aliyewashinda wanaume wengi Uingereza na Australia. Mwaka 1930 wanawake walipigwa marufuku kwenye mchezo huo Uingereza. Mchezo uliojisifu kwamba uko wazi kwa kila mtu ulijifungia nusu ya watu wake nje, kwa uamuzi wa mezani tu. Kanuni inaweza kufungua mlango, na inaweza kuufunga.

Mwaka 1953: Afrika Mashariki nayo ikapata somo lake

Usidhani hadithi hii ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo Safari Rally tunayoijua leo. Inasimuliwa kwamba muandaaji wake, Eric Cecil, alimwalika ndugu yake kwenye mbio za kuzunguka njia ya mviringo huko Langa Langa, Kenya, na ndugu huyo akamjibu kwamba haoni raha ya kuzunguka mahali pamoja. Afadhali safari ndefu ya kukata nchi. Mwaka ule wa kwanza magari yaliondoka kutoka miji mitatu: Nairobi, Kampala na Morogoro.

Kwetu sisi jambo la kuvutia ni kanuni zake za mwanzo. Yalikuwa magari ya kawaida ya dukani, na makundi yalipangwa kwa kufuata bei ya gari, siyo ukubwa wa injini. Fikiria kidogo. Ukipanga makundi kwa ukubwa wa injini, mwenye fedha atanunua injini bora kuliko zote za ukubwa huo. Ukipanga kwa bei, fedha inapoteza nguvu: wenye magari ya bei moja wanashindana wenyewe kwa wenyewe, na anayeshinda ni dereva na fundi wake.

Kanuni ile haikudumu. Viwanda vikubwa vya magari viliona kwamba barabara za Afrika Mashariki ni tangazo zuri la biashara, vikaleta timu zao, na mwaka 1973 Safari ikaingia kwenye ubingwa wa dunia. Jina la Afrika Mashariki lilisikika duniani kote. Mwalimu au mfanyabiashara mdogo mwenye gari lake la kawaida, yeye aliendelea kuchuma vumbi pembezoni mwa barabara.

Motokrosi yetu nayo imekuwa na sura hiyo. Jamhuri kule Nairobi, Busiika na Garuga kule Uganda, kumetoka waendeshaji wazuri, na watoto wadogo wanaanzia kwenye pikipiki za sentimita za ujazo 50. Ila pikipiki yenyewe ya motokrosi inaagizwa nje, haina taa, haibebi abiria wala gunia la mahindi, na vipuri vyake huvikuti kwenye duka la Soko la Mandela. Ni mali ya mchezo tu. Familia yenye pikipiki moja ya kutafutia riziki haiwezi kuingia humo.

Pikipiki iliyofika Rukwa

Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walifikiria nchi ambako matengenezo ni ya shida, mizigo ni mizito na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Kwa hiyo hawakutumia mnyororo wa kuzungusha kemu juu ya kichwa cha injini, kama pikipiki nyingine nyingi za kampuni hiyo. Waliiweka kemu chini na kuzisukuma valvu kwa fimbo. Injini ya namna hiyo haipendi mizunguko mikubwa sana, lakini inavumilia. Baadaye viwanda vya China viliiga muundo ule kwa wingi wa ajabu, na ndugu zake ndizo injini nyingi za sentimita za ujazo 125 na 150 zilizojaa Tanzania kwa majina ya SanLG, T-Better na mengineyo. India nayo ikaleta Boxer na TVS.

Neno bodaboda lenyewe lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia, miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, wakati kazi yenyewe ilikuwa imeshashamiri. Mkoa wa Rukwa ulisubiri barabara nzuri kwa muda mrefu. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 220, ilijengwa kwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa mwaka 2008.

Lami ile ilibadilisha maisha: mahindi yanafika sokoni, mgonjwa anafika hospitali. Ila pia ilimpa kijana wa miaka 20 kitu ambacho hakuwa nacho kabla, yaani sehemu iliyonyooka ya kuvuta mafuta mpaka mwisho. Tusidanganyane. Kaa kijiwe chochote cha bodaboda, hautamaliza nusu saa kabla ubishi wa nani ana pikipiki kali haujaanza. Ubishi huo unaamuliwa wapi? Barabarani, usiku, katikati ya malori na watembea kwa miguu. Hamu ya kushindana haiondoki kwa kukemewa, ila inaweza kupewa mahali pengine pa kwenda. Hapo ndipo majani yanapoingia.

Majani ya Ufipa yana historia yake

Ukipanda Ufipa kutoka bonde la Rukwa, unatoka kwenye joto na miti na kutokea kwenye uwanda wa majani, baridi na upepo. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni rahisi kudhani uwanda huo umekuwa hivyo siku zote. Watafiti wanaona sababu kadhaa zilizochanganyika: mwinuko na udongo, moto wa kila mwaka, kilimo, mifugo, na pia chuma.

Ndiyo, chuma. Wafipa walikuwa wayeyushaji hodari. Tanuri zao ndefu, malungu, zilifika urefu wa mita 3 hivi, na zilivuta hewa zenyewe bila mivukuto, kwa matundu ya chini na joto linalopanda juu. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena kwenye tanuri ndogo zilizotumia mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa majembe na silaha. Kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameichunguza kwa kina historia ya chuma ya kusini magharibi mwa Tanzania. Tanuri zilikula makaa, na makaa yalitoka kwenye miti. Kwa hiyo fundi wa leo anayechomelea fremu ya pikipiki karibu na stendi ya Sumbawanga anafanya kazi ya chuma kwenye nchi ambayo chuma chenyewe kilichangia kuibadili sura.

Majani yaliyobaki nayo yana kazi. Kwa kilimo cha intumba, Wafipa huyafukia majani ndani ya vilima vya udongo ili yaoze na kuwa mbolea. Ni malisho, na ni ya kuezekea. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "pale kuna pori tu, tukafanye mbio", jua hajauliza. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Brands Hatch ilianza kwa maelewano na mkulima. Ya kwako ianze kwa barua kwa mwenyekiti wa kijiji, na kikao.

Fizikia: kwa nini majani ni nafuu

Hapa kuna hesabu fupi, usiikimbie. Kasi ya juu kabisa unayoweza kukata nayo kona isiyo na ukingo wa kuegemea ni kipeuo cha pili cha vitu vitatu vilivyozidishwa: mgawo wa msuguano, mvutano wa dunia (9.8), na nusukipenyo cha kona kwa mita. Tuchukulie kona yenye nusukipenyo cha mita 25. Kwenye lami kavu tuweke msuguano wa 0.8: unapata mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa. Kwenye majani makavu tuweke 0.4: unapata karibu mita 9.9 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa.

Tofauti ya kasi inaonekana ndogo, lakini nishati ya mwendo hufuata kasi mara kasi. Kwenye majani nishati ni nusu ya ile ya lami. Ukianguka, ni nusu hiyo tu inayotakiwa kumalizwa na mwili wako na udongo, na udongo wenyewe ni laini. Isitoshe, msuguano ukiwa mdogo, nguvu nyingi za injini hazina maana: ukizidisha mafuta, tairi la nyuma linazunguka bure. Pikipiki ya farasi 12 na ya farasi 20 haziachani sana. Hiyo ndiyo siri ya unafuu wa mchezo huu: majani yenyewe yanawasawazisha.

Ufipa inaongeza jambo lingine. Kwenye mwinuko wa mita 1,800, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini ya kabureta inavuta hewa pungufu, hivyo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Mafuta nayo yanakuwa mengi kupita hewa: plagi inakuwa nyeusi, ekzosi inatoa moshi mweusi, pikipiki inakohoa. Dawa yake siyo kununua injini kubwa. Fundi anabadilisha jeti kuu ya kabureta kwa yenye tundu dogo zaidi, kisha mnasoma rangi ya plagi: ya kahawia ni nzuri, nyeusi bado mafuta mengi, nyeupe umepunguza kupita kiasi na injini itachemka.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na huu ndio unaoua watu. Msuguano mdogo maana yake kusimama ni mbali. Pikipiki inayoteleza kutoka kasi ya kilomita 60 kwa saa kwenye majani makavu inahitaji mita 35 hivi mpaka isimame. Majani yakilowa na msuguano ukashuka hadi 0.2, ni mita 70. Na inaelekea wapi? Haielekei katikati. Inatoka nje ya kona kwa mstari ulionyooka, kulekule ambako watazamaji wanapenda kusimama kwa sababu wanaona vizuri.

Ukianza leo

Anza na kalenda. Mvua za Ufipa huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au Mei. Ukifanya mbio Januari unachimba matope na kuharibu malisho. Ukisubiri Septemba, majani yamekauka, mengine yameungua, vumbi ni la kumfanya wa nyuma asione wa mbele. Dirisha zuri ni Mei hadi Julai, ardhi ikiwa bado na unyevu kidogo chini na kavu juu. Chagua malisho, usichague shamba lililovunwa: matuta ya mahindi yatakurusha. Lipitieni eneo kwa miguu, watu kumi kwa mstari mmoja, mkiokota mawe, vigogo na kutafuta mashimo. Eneo lenye mtelemko upande mmoja ni bora, watazamaji wakae huko juu.

Chora njia ya mita 300 hadi 400, pana ya kutosha pikipiki nne zipite sambamba. Nje ya kona acheni mita 40 tupu, bila mtu, bila mti, bila bodaboda zilizopaki. Watazamaji wakae upande wa sehemu zilizonyooka, nyuma ya kamba mbili. Anzeni na waendeshaji wanne au watano kwa kila mbio, msizidishe. Mvua ikinyesha, mnaahirisha, hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Pikipiki yoyote nzima ya 125 au 150 inafaa. Ondoa saiti mira, indiketa, taa, keria, stendi na namba, maana vyote hivyo ni visu mtu akianguka. Kagua beringi za magurudumu, cheni na breki. Weka tairi zenye kashata nzito, kipara hakifai. Badilisha sproketi ya nyuma kwa yenye meno mengi kidogo ili gia moja ikutoshe mzunguko mzima. Kisha kuna kitu kidogo ambacho mchezo huu ulijifunza kwa maumivu: swichi ya kuzimia injini iliyofungwa kwa kamba kwenye mkono wa kulia. Ukianguka, kamba inachomoka, injini inazimika. Fundi umeme wa pikipiki anaitengeneza kwa muda mfupi. Bila hiyo, mtu asianze.

Hapa sasa ndipo tunapotaka uwe mbahili kwa akili. Historia ya mchezo huu inaonyesha unaweza kubana fedha kwenye mashine, uwanja, zawadi, spika na fulana. Huwezi kubana kwenye vitu vinne: helmeti nzima inayofunika kidevu na yenye alama ya viwango, buti ngumu zinazopita kifundo cha mguu, watu waliofunzwa huduma ya kwanza, na gari la kumpeleka majeruhi hospitali ambalo halifanyi kazi nyingine siku hiyo. Gari likiondoka na mtu, mbio zinasimama mpaka lirudi. Fedha uliyookoa kwa kutonunua pikipiki ya motokrosi iende huko. Soma pia mkataba wako wa bima, kwa sababu bima ya barabarani kwa kawaida haihusu mashindano.

Mkishakuwa kikundi cha kudumu, mwoneni afisa michezo wa wilaya mjisajili. Usimamizi wa michezo nchini uko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Polisi wapewe taarifa mapema. Wakijua kwamba mnawatoa vijana barabarani, mna hoja nzuri ya kuwapa.

Kanuni tatu za kuandika kabla ya mbio ya kwanza

Turudi kwenye swali la mwanzo. Brands Hatch na Safari hazikupotea mikononi mwa watu wa kawaida kwa sababu ya ubaya wa mtu. Zilifanikiwa, fedha zikaja, na hapakuwa na kanuni iliyobaki ya kumlinda mwenye mashine ya kawaida. Kwa hiyo andikeni mapema, wakati bado hamna cha kugombania.

Kwanza, pikipiki iwe ile inayofanya kazi mtaani, injini isizidi 150, silinda na kabureta vibaki vya aina yake. Anayetaka kufungua injini ya mshindi ili kuhakikisha, aruhusiwe mbele ya wote.

Pili, kanuni ya kununua. Wamarekani wameitumia kwenye mbio za farasi na za magari ya bei rahisi. Mnapanga bei moja, inayokaribiana na ya pikipiki iliyotumika, na mshiriki yeyote ana haki ya kuinunua pikipiki iliyoshinda kwa bei hiyo. Mshindi hawezi kukataa. Unaona ujanja wake? Hakuna mwenye akili atakayeweka vipuri vya milioni kwenye pikipiki inayoweza kuchukuliwa jioni kwa bei ya kawaida. Ni ndugu wa karibu wa ile kanuni ya bei ya Safari ya 1953, na haihitaji mkaguzi wala kipimo.

Tatu, mlango uwe wazi. Msichana anayejua kuendesha aingie kama mvulana. Mwenye umri mdogo aingie kwa ruhusa ya wazazi na kwa mbio za umri wake. Asiye na pikipiki apewe nafasi ya kuazima kwa zamu, wawili au watatu kwa mashine moja.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma bila mivukuto kwa sababu waliielewa hewa yao na kujenga tanuri inayolingana nayo. Mbio za majanini zinakutaka ufanye vivyo hivyo: uanze na ulichonacho, ukijue vizuri, halafu ulinde kanuni zinazokifanya kitoshe. Mei haiko mbali. Barua ya kwanza ni ya mwenyekiti wa kijiji.